Kuomba na Kuombea Chakula

Mimi niliacha shule darasa la tatu, lakini Kiswahili changu hakina kasoro, na hilo ndilo lililoniponza.

Nilizaliwa Nakuru kwenye nyumba za reli. Mlango huu Mluo, mlango ule Mkamba, mbele yako Mtaita, na sote tulitukanana, tukapatana, tukaozana na kuzikana kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilipofika Minnesota kumlea mjukuu wangu, mwanamke mzima na goti langu bovu na koti la kuazimwa, nilijipanga hivi moyoni: kwa Kiingereza watanishinda, kwa theluji watanishinda, lakini kwa Kiswahili hapana mtu wa kunisogelea, kuanzia huku kwetu kaskazini mwa Minneapolis hadi kule Roseville kwenye maduka makubwa. Nilikuwa mwalimu mkuu. Shule tu ndiyo sikuwa nayo.

Mwanafunzi nilikuwa naye mmoja, huyo mjukuu, na alikuwa darasa la tatu, pale pale nilipoachia mimi. Mama yake, yaani binti yangu, alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwageuza vitandani na kuwaogesha, shifti ya mchana mpaka jioni. Baba alikuwa akisoma chuo kikuu na kufanya kazi juu yake; huyo tulimwona Jumapili kama mchungaji. Siku nyingine zote tulikuwa wawili, mimi na kasichana kangu.

Kalikuwa kanaelewa kila kitu. Ukikaambia lete mwiko, kanaleta mwiko. Lakini kujibu, kanajibu kwa Kiingereza. Nikikauliza, "Shule ilikuwaje?" kananiambia "Okei." Nikikauliza, "Umekula?" "Okei." Nikasema basi nitaongea na huyu mtoto kwa okei mpaka nife. Kitu kimoja tu alikisema kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho bila kuchanganya, nacho ni maombi ya kabla ya kula niliyomfundisha mimi.

Maombi yale niliyatunga mwenyewe na niliyaonea fahari kama mtu aliyejenga nyumba ya mawe. Yalianza kwa kushukuru kwa kuamka. Halafu yalimwendea rais wa kwetu, ambaye alihitaji kuombewa sana, na rais wa huku. Halafu wasafiri wa angani, wa majini na wa barabarani, na madereva wa treni peke yao, kwa ajili ya marehemu mume wangu. Halafu wagonjwa. Halafu wajane, na kwa kuwa mimi ni mmoja wao niliwatia mara mbili. Halafu mgongo wa mama yake usivunjike kazini, mitihani ya baba yake, na goti langu. Chakula kilikuja mwisho. Niliona ni utovu wa adabu kumrukia Mungu na habari za maharagwe kabla hujampa habari za watu.

"Popote utakapokaa kula," nilimwambia, "unasema yote. Usiruke. Mungu ameshayazoea. Ukiwaruka wajane atauliza wako wapi."

"Hata shule?"

"Shule ndiyo zaidi."

Na mtoto alikuwa mtiifu, jamani. Kila asubuhi nilimfungia chakula kwenye kopo la plastiki lililokuwa la siagi: chapati, ndengu, siku nzuri kipande cha kuku. Kila jioni kopo lilirudi tupu, limelambwa. Nilikuwa nikilitazama kopo lile na kujipiga kifua. Nilimwambia binti yangu, "Ona, watoto wa huku wanakula vitu vya kwenye sanduku, wako anakula chakula." Kumbe kuku yule alikuwa akisafiri kwenda shule na kurudi, lakini hayo yanakuja.

Siku moja mjukuu akarudi, akavua buti, akaja jikoni, akasimama karibu na jiko akitazama soksi zake. Akasema kwa Kiswahili, na hapo tu nikajua kuna jambo:

"Shosho, mama ya chakula amesema sio ruhusa kuomba chakula."

Mama wa chakula ni yule mwanamke anayewasimamia watoto kwenye ukumbi wao wa kulia. Nikaweka mwiko chini. Mtu mwenye akili angeuliza, nini kimetokea? Mimi nikafanya kazi yangu ya ualimu mkuu.

"Mama *wa* chakula," nikasema. "Si mama *ya* chakula. Tena si kuomba chakula, ni kuombea chakula. Kuomba ni kumwambia mtu nipe. Kuombea ni kufumba macho. Sema."

"Kuombea chakula."

"Enhe. Sasa, amesema hairuhusiwi kuombea chakula?"

"Eee."

"Mbele ya watoto wengine?"

"Eee. Kila mtu alisikia. Amesema nikifanya tena atamwambia mwalimu mkuu."

"Na wewe uliona haya?"

Machozi yakamjaa, akaenda chumbani.

Naomba mnielewe nilivyokuwa. Kwetu hakuna shule inayoanza bila maombi. Gwaride la asubuhi, mwalimu mkuu mbele, macho mmefumba, na ukiyafumbua unachapwa. Na hapa nilikuwa na mtoto ambaye Kiswahili chake chote kiliishia kwenye maombi hayo. Wakimnyang'anya hayo, mimi na yeye tutabaki na okei. Sikulala vizuri.

Binti yangu nilimweleza asubuhi. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya shifti mbili.

"Mama, siamini. Huku mwalimu ndiye asiyeruhusiwa kuwaombesha watoto. Mtoto mwenyewe akifumba macho yake nani atamjua? Nitapiga simu shuleni."

"Lini?"

"Nikiamka."

Akaamka saa ya kwenda kazini.

Jumapili mchungaji wetu akatangaza kanisani: wiki hii bodi ya shule za distrikti yetu itakutana. Wanatunga kanuni kuhusu dini shuleni: kama kwaya za watoto ziimbe nyimbo za Krismasi, kama watoto waombe, na wapi, na vipi. Mkazi yeyote anaweza kwenda kusema lake.

Mimi katika yote hayo nilishika neno moja, distrikti. Hilo nalijua. Kwetu distrikti ina bwana wake, DC, mwenye kofia ngumu na gari lenye bendera na askari wa kumfungulia mlango. Huyo haendewi umevaa khanga. Nikatoa sare yangu ya akina mama wa kanisa, nikaipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Kitambaa cheupe kichwani, wanga mtupu. Viatu vyeusi. Mjukuu nikamvalisha gauni la ubatizo wa binamu yake, limempanda juu ya magoti, na chini yake buti za theluji. Tukatoka tukitembea, ukumbi ulikuwa kwenye shule ya sekondari nyuma ya mtaa wetu. Binti yangu alikuwa apite kutuchukua akitoka kazini.

Niliingia nikimtafuta DC. Hakuwepo. Palikuwa na meza ndefu, na nyuma yake watu wamekaa wanakunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi, mmoja amevaa sweta lenye picha ya mbwa mwitu kifuani. Na aliyekaa katikati, mwenyekiti wao, mnajua ni nani? Ni yule mwanamke wa duka la vitambaa. Yule niliyemsumbua wiki iliyotangulia anipunguzie bei, akawa ananionyesha kibandiko cha bei, na mimi namwonyesha kiasi nilichonacho, mpaka foleni ikafika mlangoni. Nikajificha nyuma ya kitambaa changu cheupe. Ni kama kujificha nyuma ya taa.

Mjukuu alininong'oneza kila kitu sikioni, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vidole. Mwanamume mmoja mwenye sauti kubwa alisimama, akawa anapiga kidole hewani.

"Anasema nini?"

"Anasema watu ya Washington wasituambie."

"Wasituambie nini?"

"Kitu yote. Anasema shule ni yetu hapa. Sisi hapa tutasema."

Hilo lilinipendeza. Kwetu habari za shule zilitoka Nairobi, tukazisikia redioni tayari zimepikwa. Hapa watu wa mtaa mmoja walikuwa wakizipika wenyewe, muuza vitambaa ameshika mwiko.

Akasimama mama mmoja mwembamba, akasema kwa upole.

"Na huyo?"

"Anasema mtoto wake si dini yenu. Mwalimu asimwambie fumba macho."

Nilimkumbuka msichana wa Kiislamu niliyekaa naye dawati moja darasa la tatu. Kila asubuhi kwenye gwaride alifumba macho kama sisi, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa akisema nini, hakuna aliyemuuliza. Mimi mwenyewe sikumuuliza, na tulikuwa tukigawana kalamu. Lakini sikukaa hapo sana, maana mwenyekiti alikuwa ameita, na mjukuu akanivuta mkono. Zamu yetu.

Mezani palikuwa na taa ndogo. Kijani unasema, njano unamaliza, nyekundu unakaa chini. Kila mtu dakika zile zile chache, hata yule wa sauti kubwa. Nikasimama mbele ya kipaza sauti, mjukuu ubavuni. Mimi ningesema, yeye angetafsiri. Nilimwona uso wake unang'aa kama aliyepakwa mafuta. Nikasema moyoni, ona mtoto anavyofurahia kuitetea imani.

Niliyoyasema nayakumbuka neno kwa neno. Aliyoyasema yeye sikuyaelewa wakati ule. Nilikuja kuambiwa na mama yake, ambaye alikuwa ameshafika na kusimama mlangoni na nguo zake za kazi.

Nilisema, "Nimesikia mjukuu wangu amekatazwa kuomba. Nimekuja kuwaambia ataomba."

Akatafsiri: Nyanya yangu anasema nitaendelea kuombaomba chakula kwa watu.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Nikaona nimemgusa.

"Nyumbani kwetu sote tunaomba. Asubuhi tunaomba na jioni tunaomba."

Akatafsiri: Nyumbani kwetu sote ni ombaomba, asubuhi na jioni.

Yule wa sweta la mbwa mwitu akashika kifua. Nikapandisha sauti.

"Mama yake anaomba hata akiwa kazini, pembeni ya vitanda vya wale wazee!"

Hapo, binti yangu ananiambia, aliegemea mlango. Maana alichosikia, kwa sauti ya mtoto wake mwenyewe, kupitia spika za ukumbi mzima, ni kwamba yeye hupita kwenye vitanda vya wazee akiwaomba chakula chao.

"Na mimi nilianza kuomba nikiwa mdogo kuliko huyu. Nimeomba kwenye treni, nimeomba sokoni, na sijaona haya hata siku moja!"

Mtoto akayatafsiri na hayo, akanyoosha na kidole juu kama mimi.

Mama mmoja mstari wa mbele akajifuta macho. Nikasema, Bwana asifiwe, nimewavunja. Yule wa sweta akainuka, akazunguka meza, akatoa pakiti ya biskuti kwenye koti lake, akampa mjukuu wangu kwa mikono miwili. Mjukuu akaifungua, akatia ya kwanza mdomoni pale pale.

"We!" nikamwambia. "Hata hujaombea!"

"Nimeomba, Shosho," akasema, mdomo umejaa. "Wewe umeniombea. Na wamenipa."

Binti yangu ndiye aliyetuokoa, kama kuvuliwa nguo ni kuokolewa. Alikuja mbele kwa hatua ndefu, akaniuliza kwa Kiswahili kilichokwaruza:

"Mama, umekuja kusema nini hapa?"

"Nimekuja kutetea maombi ya mtoto!"

"Maombi yepi? Wanataka kutuletea magunia ya chakula! Wewe," akamgeukia binti yake, "yule mama wa chakula alikukataza nini hasa?"

"Kuomba chakula. Kwa rafiki zangu. Biskuti na viazi."

"Si kufumba macho?"

"No. Kufumba macho ni okei."

Okei. Nikatafuta kiti, hakikuwepo, nikashika kile kipaza sauti. Nilikumbuka jikoni, mwiko, na mimi nikimwongezea mtoto ile *e* yangu moja, nikimwambia sema. Alikuwa amesema sawa mara ya kwanza. Ndiyo mara moja tu tangu nifike Minnesota alikuwa ametoa sentensi nzima ya Kiswahili bila kukosea maana, na ndiyo niliyoisahihisha.

Binti yangu akawaeleza kwa Kiingereza. Nilijua amefika wapi kwa kuangalia mabega yao. Kwanza yalishuka, halafu yakaanza kutikisika. Muuza vitambaa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema maneno ambayo binti yangu alinitafsiria: mtoto anaweza kumwomba Mungu wakati wowote kimyakimya, hata kabla ya mtihani, hasa kabla ya mtihani, hakuna wa kumzuia na hakuna wa kumlazimisha, na hilo hawabishani nalo. Kuombana chakula ndiko kumekatazwa, kwa watoto wote, kwa sababu za magonjwa. Halafu akauliza swali ambalo mimi, mlezi, nilipaswa kuuliza tangu jikoni.

"Kwani kwa nini anaomba chakula? Hana chake?"

Tukamtazama mtoto. Mtoto akatazama buti zake.

"Nikimaliza kuomba," akasema, "kengele inalia."

Alikuwa akikaa na kopo lake, anafumba macho, anaanza. Marais, wasafiri, treni, wagonjwa. Akifumbua, wenzake wanamwaga makombo na kupanga mstari wa kwenda kucheza. Njaa inamshika mstarini, anawaomba wenzake kilichobaki mifukoni. Kopo langu alilifungua kwenye basi la kurudi, ndengu zimeganda, akala zote ili nisihuzunike.

Mwenyekiti akauliza, maombi hayo yana urefu gani?

Hapa ndipo binti yangu huniomba niishie ninapowasimulia watu. Lakini kweli ni kwamba nilisikia sifa pale pasipo na sifa. Nikadhani ananiuliza kwa kupendezwa. Nikasema nitawaonyesha. Binti yangu akasema, "Mama, hapana, si hapa, Mama," na mimi nilikuwa nimeshafumba macho. Nikayasema kwa sauti yangu ya kanisani. Nilikuwa nimewapita marais vizuri, wasafiri wa angani wametua, wa majini wako katikati, niliposikia mtoto ananivuta kitambaa.

"Shosho. Taa."

Nikafumbua. Nyekundu.

Niliitazama taa ile. Sikuwa hata nimefika kwa wagonjwa. Chapati ilikuwa mbali kabisa, ng'ambo ya wajane wote wa dunia. Na muda huo wa taa ndio mtu mzima aliopewa kuieleza serikali shida zake zote. Nikamwona mtoto mdogo, macho amefumba katikati ya kelele za vijiko, akimbeba rais wa Kenya kwa tumbo tupu.

"Mwambie mwenyekiti asante," nikamwambia binti yangu. "Na mwambie kile kitambaa nitakinunua kwa bei yake."

Bodi haikuamua kitu jioni ile. Walisema watakutana tena kuzungumzia watakavyozungumza. Kwa mara ya kwanza nikajisikia niko nyumbani.

Kesho yake tulifanya kikao chetu jikoni, watatu. Mjukuu alitoa hoja kwamba shuleni aseme habari za chakula tu.

"Na wajane?" nikauliza.

"Wajane ni yako, Shosho."

"Ni wako."

"Ni wako. Waombee wewe."

Nikamtazama binti yangu anisaidie. Akawa anatazama dirishani, midomo ameibana.

"Si mlisikia yule bwana wa sauti kubwa, Mama?" akasema. "Kila mtu na distrikti yake."

Kwa hiyo aliyatunga ya kwake, akayasema jioni hiyo mezani, akiwa amefumba jicho moja: "Mungu, asante kwa chakula hiki. Yale mengine Shosho atakuambia. Amina."

Nikapinga moyoni. Halafu nikahesabu maneno ya Kiingereza yaliyomo, nikakosa hata moja. Nikafumba macho yangu kuendelea na kazi niliyoachiwa. Nilipofika kwa madereva wa treni nilisikia watu wanatafuna. Nilipomaliza na goti langu, ugali wangu umepoa, sufuria iko tupu, na kipande cha mwisho cha kuku kiko kwenye sahani ya mjukuu.

Nikanyoosha mkono. "Nigawie kidogo, mama."

Akaivuta sahani yake kifuani.

"Sio ruhusa kuomba chakula, Shosho."

"Hairuhusiwi," nikamsahihisha.

"Hairuhusiwi," akasema vizuri kabisa, akala.